Siku Beberu wa Bibi Alipokula Pori

Asubuhi hiyo nilitoka Dongobesh bila mpango wowote. Nilikuwa nimelala kwa rafiki niliyemsaidia kuuza vitunguu saumu, na nilipofumbua macho nikaangalia paa lake la bati, nikaona nimelifahamu vya kutosha. Hivyo ndivyo ninavyoishi. Wengine huhama kwa sababu ya njaa au ndoa. Mimi huhama nikishazijua kona zote za chumba. Nikafunga khanga mbili, sufuria ndogo na redio, nikaaga, nikaenda stendi kuangalia gari litakalonipendeza.

Pale stendi mama mmoja alikuwa amepanga genge lake chini, juu ya kiroba. Nyanya katikati, vitunguu pembeni, na kuzunguka vyote akaweka mchicha, fungu kwa fungu, kama uzio. Akageuka kumrudishia mteja chenji. Mbuzi akatokea nyuma ya choo cha stendi, akaanzia kona moja, akaula uzio wote kwa mwendo wa mtu anayepima kiwanja. Mama alipogeuka zilibaki kamba za mgomba zilizofungia mchicha.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi.

"Wewe dada," mama akanijia juu, "kinachokuchekesha ni nini? Mbuzi ni wako?"

Nikamwambia si wangu, ila niliwahi kumfahamu mwenzake. Nikanunua nyanya zake nne kumpoza hasira, na bado nacheka nikapanda lori la viazi lililokuwa linapitia Haydom kwenda Katesh. Dereva akauliza nitashuka wapi. Nikamwambia nitamjulisha tukifika. Akanitazama kama wanavyonitazama madereva wote, kisha akasogeza koti lake nikakaa.

Rafiki yangu unayesoma, sasa utanielewa kwa nini safari nzima, tangu baridi ya milimani mpaka Mlima Hanang ulipojitokeza mbele ya kioo, sikuwa na mazungumzo na yule dereva. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nimesimama kwenye uwanja wa shule na fimbo mkononi, nikilinda kijiji kizima kisiliwe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Hanang, enzi zile za mashamba ya ngano ya serikali. Ukisimama mlangoni kwa bibi yangu, aliyenilea, ulikuwa unaona ngano kuanzia miguuni pako mpaka mbinguni. Wakati wa mavuno kombaini zilitembea humo mchana kutwa, nyekundu, zikinguruma kwa pamoja, na makapi yakaruka hadi kwenye chungu cha makande. Tulikula makande yenye makapi, tukanywa maziwa mgando yenye makapi, na Jumapili tukaimba kanisani huku tunakohoa makapi. Bibi alikuwa akisema serikali inalima ngano na sisi tunalima kikohozi.

Kati ya ngano na nyumba zetu ndipo lilipokuwa pori. Halikuwa kubwa la kutisha. Migunga, vichaka vya miiba, miti michache mirefu kando ya chemchemi, na fisi mmoja mzee ambaye tulimfahamu kwa sauti. Lakini ndilo lililokuwa limebaki. Bibi aliyakumbuka mapori mengine matatu kwa majina, na yote yalikuwa yameshakuwa ngano.

Mimi nililijua lile pori kuliko darasa. Bibi alinituma kuni, nikarudi jioni. Alinituma maji, nikarudi na ndoo tupu na maswali. Alinipa mbuzi wake sita na beberu wao niwachunge, na beberu ndiye aliyenichunga mimi, maana mara nyingi alitangulia kufika nyumbani. Alikuwa beberu mweupe, ndevu za kahawia, na hakuwa na heshima kwa chochote. Aliwahi kula nusu ya daftari langu la hesabu, ile nusu yenye majibu. Shule nayo tulikuwa hatuelewani. Darasa la tano niliacha kwenda, na sidhani kama kuna aliyeona tofauti.

Sasa, mtoto anayezurura huona mambo. Sikuwa natafuta siri za watu. Nilikuwa natafuta matunda na mashimo ya nungunungu, na siri za watu zilikuwa njiani. Ndiyo maana nilijua kwamba mwenyekiti wa kijiji, aliyepitisha amri kwamba mtu asilime porini, alikuwa na shamba la maharage porini, limezungushiwa miiba mizuri sana. Nilijua kwamba mwalimu wetu mkuu, mtu mkali, mrefu, suruali imenyooka kama rula, alikuwa akienda alasiri kusimama juu ya jiwe fulani na kuongea Kiingereza na migunga. Aliuliza, akajibu mwenyewe, akakosea, akajikaripia. Siku moja alimpa mgunga mmoja alama tisa kwa kumi.

Na nilijua ya bibi yangu, kwani kuni nilizikata mimi. Kando ya chemchemi alikuwa na mafiga matatu na mapipa mawili, na hapo alipika pombe siku za kazi, jambo ambalo mwenyekiti alikuwa amelikataza. Pombe ile ndiyo iliyonivisha sare ya shule niliyokuwa naichania kwenye miiba.

Jirani yetu mfugaji yeye siri yake haikuwa ya kucheka. Alikuwa mzee mtulivu, wa zile familia za ng'ombe zilizokuwa tambarare kabla ya trekta ya kwanza. Maziwa yetu yalitoka kwake, na mahindi yake yalitoka kwetu. Siku moja nilimwona ndani kabisa ya pori, mahali penye kichuguu kirefu cha udongo kilichoota majani. Alichuma nyasi mbichi, akaziweka pale juu taratibu, akasimama kidogo, akaondoka. Sikuelewa, lakini nilijua hapo si mahali pa kuchezea, na beberu nikamvuta kwa pembe.

Hakuna hata moja kati ya hayo nililomwambia mtu. Usidhani nilikuwa mtoto msiri. Hakuna aliyeniuliza.

Ndipo likaja tangazo kwamba shamba la ngano linataka kusogea, na kwamba bwana ardhi atakuja kutoka wilayani kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji pamoja na wanakijiji wenyewe. Hilo la pamoja na wanakijiji lilikuwa jipya. Zamani mipango ilikuja ikiwa imeshapangwa. Watu wakaoga.

Bwana ardhi alikuwa kijana, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na sauti ya upole, na aliwasalimia shikamoo wazee wote mmoja mmoja mpaka jua likapanda. Shule ilifungwa siku hiyo, wote tukakusanyika uwanjani. Akasema hivi, na nayakumbuka vizuri kwa sababu bibi aliyarudia nyumbani mara nyingi baadaye:

"Wazee wangu, kwenye karatasi za wilayani hili pori limeandikwa eneo tupu. Eneo tupu likiombwa na shamba, litapewa shamba. Lakini mkinionyesha mnalitumia kwa lipi, na mkakubaliana jinsi ya kulitunza, nitaandika hivyo, na trekta itaishia pale inapoishia leo. Jioni naondoka na ramani. Ramani mtachora ninyi."

Ilichorwa chini, kwenye udongo, kwa vitu vya nyumbani, ili kila mtu aelewe. Barabara ilikuwa majivu. Nyumba zilikuwa maharage, shule na kanisa vikawa magunzi ya mahindi, kijito kikawa kamba ya katani. Shamba la ngano lilikuwa na mwakilishi wake, bwana mmoja wa suti ya Kaunda na viatu vya mvua, naye alikuja na nusu debe ya ngano halisi. Akaimwaga upande wa mashariki, akaitandaza kwa kiganja, akatabasamu. Lilikuwa shamba zuri.

Pori likawa la majani mabichi. Bwana ardhi akauliza, "Haya, humu mnafanya nini?"

Nilimtazama bibi, bibi akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama viatu vyake. Mzee mfugaji akatazama mlima.

"Kuni," akasema mwenyekiti hatimaye.

"Ndiyo, kuni," bibi akaunga mkono haraka.

"Kuni tu?"

"Na dawa kidogo ya tumbo," akasema mwalimu.

Bwana wa suti ya Kaunda akacheka. "Sasa kuni si hata mashina ya ngano yanawaka? Ndugu zangu, hilo pori halina kazi. Mimi mwenyewe sijawahi kutia mguu humo."

Wakaweka majani kiganja kimoja, wakayasukumia pembeni, pori letu likatoshea chini ya kofia. Bwana ardhi alifuta jasho. Nilimwona anasikitika, kama mtu aliyemletea mgonjwa dawa na mgonjwa amefunga mdomo. Akasema tukale kwanza, kisha ainakili ramani kwenye karatasi.

Chakula kilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti: ugali, mlenda na kuku. Ramani ikahitaji mlinzi. Bibi akanishika sikio, akanipa fimbo. "Kaa hapa. Usiondoke hata ukisikia kombaini imezaa."

Nikakaa. Nilikaa vizuri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa maishani. Kisha wakaja kuku wa mwalimu.

Rafiki yangu, kuku hawa walikuwa wamesikia habari za nusu debe ya ngano. Walikuja kumi na kitu, wakaingia shamba la serikali bila kibali, wakaanza kuvuna. Nilichanganyikiwa. Tulikuwa tumefundishwa kwamba ngano ile ni mali ya umma, na mtu akiokota masuke anakimbizwa na walinzi. Nikaona nitafungwa. Nikawafukuza upande huu wakaingia upande ule, nikarusha kiatu, nikarusha cha pili, nikawakimbiza mpaka nyuma ya madarasa nikitukana kwa lugha zote mbili, ya shule na ya nyumbani.

Niliporudi, beberu alikuwa amesimama katikati ya kijiji. Mguu mmoja kanisani, mmoja barabarani. Alikuwa ameshamaliza pori lote. Jani la mwisho lilikuwa linaning'inia kwenye ndevu zake, akanitazama, akalimeza. Kisha, kama mtu anayetia muhuri, akageuka akaangusha vidonge vyake vya mavi mahali lilipokuwa pori, akaenda zake.

Nililia. Sitakuficha, nililia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimesikia vizuri: jioni anaondoka na ramani, na ramani isiyo na pori maana yake trekta. Nikaziona kombaini zikipita juu ya mafiga ya bibi. Halafu nikafuta kamasi, nikafanya jambo pekee nililolijua. Nikakimbia kuchuma majani.

Nilichuma mengi. Kuku walikuwa wamelipunguza shamba la ngano likabaki kama zulia dogo, kwa hiyo nafasi ilikuwepo, na mimi nikaijaza. Nikaanza kulipanga pori jinsi lilivyo, siyo jinsi lilivyosemwa. Kichupa cha buluu kikawa chemchemi. Kando yake vijiwe vitatu vya mafiga, na kipande cha kijiti mahali penye gogo la kukalia. Nikaweka miiba ya kuzungushia na ndani yake maharage matano. Nikaweka jiwe bapa na juu yake kipande cha chaki. Na mbali kidogo, peke yake, nikafinyanga kilima kidogo cha udongo, nikakichomekea nyasi mbichi juu. Ule mzigo wa beberu sikuuona tena. Majani yalikuwa yameuzunguka.

Wakarudi wakichokonoa meno. Wakasimama.

"Shamba limepungua!" akapiga kelele bwana wa suti ya Kaunda.

"Kuku," nikasema.

"Na pori limekuwaje hivi?"

Bwana ardhi alikuwa ameshachuchumaa. Macho yake yalikuwa yamebadilika. "Subirini. Nani amepanga hili?"

Nikainua fimbo. Nilidhani nitachapwa, lakini yeye aliniita karibu, akanyoosha penseli. "Mwanangu, hii miiba yenye maharage ni nini?"

Mtu mzima wa kwanza maishani mwangu aliyeniuliza nilichokiona. Ningewezaje kunyamaza?

"Ni shamba la mwenyekiti."

Mwenyekiti alikohoa, na safari hii hayakuwa makapi. "Ni... la majaribio," akasema. "Naangalia kama udongo unakubali."

"Unakubali," nikamhakikishia. "Amevuna mara tatu."

Watu wakaanza kucheka, mwenyekiti akaona hawezi kuzama peke yake. "Haya, na hii chaki?" akauliza mwenyewe, akimtazama mwalimu. Nikaeleza kuhusu jiwe, Kiingereza, na ule mgunga wa alama tisa. Mwalimu alinyooka zaidi ya kawaida yake. Kisha akasema kwa utulivu, kama anasoma tangazo, kwamba darasani kuna watoto sabini na nyumbani kwake kuna tisa, na kwamba mtu naye anahitaji mahali pa kukosea bila kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja hata akapiga makofi.

"Andika," akasema mwalimu kwa bwana ardhi. "Mahali pa kujisomea."

Ikafika zamu ya mafiga. Nikageuka kumwangalia bibi, ndipo nilipotambua nilichofanya. Lakini bibi yangu alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni.

"Usimsumbue mtoto," akasema. "Ni ya kwangu. Napika pombe. Mwenyekiti, amri yako naijua, na maharage yako nayajua. Tuendelee."

"Na hiki kijiti?" bwana ardhi akauliza.

"Gogo la kukalia," nikajibu. "Analikaliaga yeye." Nikamwonyesha bwana wa suti ya Kaunda.

Uwanja ulilipuka. Wazee walishikana mabega. Bwana yule alisema alipita tu, mara moja, akiulizia njia.

"Umeulizia njia Jumamosi zote tangu masika," bibi akamwambia. "Na Jumamosi iliyopita ulisema kivuli cha pale hakina mfano wilaya nzima."

Kicheko kilipopungua, bwana ardhi akaweka penseli karibu na kile kilima kidogo chenye nyasi. Hakuniuliza mimi. Alikuwa amemwona mzee mfugaji amesogea mbele, anakitazama. Mzee hakuwa msemaji wa Kiswahili kirefu.

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Amelala hapo. Babu alilala kule." Akaonyesha ngano. "Hapo kule wamelima. Huyu niliogopa kusema. Nikisema, watajua mahali."

Bwana wa viatu vya mvua alikuwa wa kwanza kuvua kofia. Bibi aliinama akachuma nyasi pale ukingoni mwa uwanja, akaziweka juu ya kilima changu cha udongo, kisha wengine wakafuata, mpaka kilima kikafunikwa.

Bwana ardhi aliandika mpaka penseli ikaisha ncha. Mzee wa kanisa alikiri mizinga yake ya nyuki. Akina mama wakataja mti wa dawa ya watoto, vijana wakataja kitu ambacho sitakiandika hapa. Kila aliyekuwa amesema kuni tu asubuhi, sasa alikuwa anasukumana kuingia kwenye ramani. Wakabishana pia, usidhani tulipatana kama malaika: nani akate nini, ng'ombe wanywe saa ngapi, mpaka uwe mti upi. Lakini wakakubaliana. Mwenyekiti akaahidi kuhamisha maharage yake akishavuna, na akavuna polepole sana. Bibi akapewa Jumamosi ya kupika pombe yake. Kaburi likawekewa duara ambalo jembe wala shoka havitaingia, na bwana wa shamba akatia sahihi kama shahidi, kwa mkono wa mtu anayetaka aendelee kukaribishwa.

Bwana ardhi alikuwa anakunja karatasi yake alipoyaona. "Na haya madogo, ya mviringo? Yako saba."

Nilitazama. Beberu alikuwa ameacha sahihi yake katikati kabisa ya pori. Watu wote walikuwa wananingoja, mimi ambaye siku hiyo nzima nilikuwa nimesema kweli tupu. Nikafikiria fimbo ya bibi. Nikafikiria daftari la hesabu.

"Mawe," nikasema.

"Mawe saba," akaandika kwa mwandiko mzuri.

Beberu mwenyewe hakuishi kuliona pori likihifadhiwa. Mambo yote yalijulikana kabla ya jua kuzama, isipokuwa yale mawe, kwa kuwa mlinzi wa ramani asiye na viatu lazima aeleze viatu viko wapi. Wazee wakaamua makubaliano makubwa namna ile hayawezi kufungwa bila nyama, na kwamba mhalifu yupo tayari. Nyama yake ilikuwa ngumu ajabu. Bibi alitafuna mnofu mmoja mpaka wageni wakaondoka, akasema si ajabu, tunatafuna pori zima.

Lori likanishusha jioni. Nilimwambia dereva, "Hapa," kabla sijajua kwa nini. Mahali penyewe sikupafahamu. Pale kijijini nilikoacha ngano mpaka mbinguni, sasa palikuwa na mji mdogo wa barabarani: vibanda vya simu, mashine ya kusaga, fundi pikipiki, na nyumba ya wageni iliyopakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni. Mashamba ya serikali yalishafungwa zamani, ardhi imegawiwa, mahindi na alizeti vimeota kila mtu na mtindo wake. Nilisimama nikasikiliza kombaini. Hakuna. Hakuna hata kikohozi. Bibi alikwishaondoka duniani, na mwalimu, na mzee mfugaji naye, na sina ndugu hapo wa kumgongea mlango. Lakini nyuma ya ile nyumba ya wageni, jeusi na lenye miiba vilevile, lilikuwepo pori.

Dada wa mapokezi alinipa shikamoo, akanionyesha chumba chenye kitanda, ndoo na dirisha linalotazama migunga, kisha akaniletea kitabu cha wageni. Jina. Unakotoka. Unakokwenda. Hiyo safu ya tatu huwa naiacha wazi, na kila nyumba ya wageni Tanzania imenigombeza kwa hilo.

"Mle watu wanaingia?" nikamuuliza, nikionyesha dirishani.

"Wanaingia kwa utaratibu, mama. Kuna sheria zake, kuna na ramani pale ofisini ukutani, ya zamani. Sisi tulipokuwa shule tulipelekwa kila mwaka kuona vitu vyake. Kuna Jiwe la Mwalimu, kuna Mafiga, kuna kaburi la mzee mmoja, hapo unaweka nyasi. Kila kitu kipo." Akaniwekea kalamu juu ya kitabu. "Isipokuwa yale mawe saba."

"Mawe gani?"

"Yameandikwa, lakini hayaonekani. Wengine wanasema mvua iliyasukuma, wengine wanasema watu wa shamba waliyabeba na trekta walipofunga. Mwenyekiti wa sasa ameshaunda kamati mara mbili. Wazee wanalalamika, wanasema watu wa siku hizi hatujui kutunza, kitu kizito namna ile kinapotea hivihivi."

Nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, tayari, kama siku ile uwanjani nilipoulizwa kwa mara ya kwanza. Halafu nikawaza kwamba kila mtu wa kijiji kile aliwahi kuwa na siri yake ndani ya lile pori, isipokuwa mtoto aliyezitoa nje zote. Nikafunga mdomo. Nikachukua kalamu, na kwenye safu ya tatu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuzurura, nikaandika mahali.

Dada akageuza kitabu, akasoma, akacheka. "Mawe Saba? Basi ukiyapata utuambie."

Nikamwahidi, nikapokea ufunguo.